Esc, Kusubiri au Kuua Programu: Ulinganisho wa Njia za Kukatisha Kazi Kwenye CAD

Amri ikichukua muda mrefu kuliko ulivyotarajia kwenye CAD, yaani programu ya kuchorea ramani na vipuri kwa kompyuta, una njia tatu: ubonyeze Esc, usubiri, au uiue programu yenyewe kupitia mfumo wa kompyuta. Zote tatu zina mahali pake. Kinachowaponza watu ni kuchagua kwa hasira. Skrini imeganda, kiduara kinazunguka, mteja amekaa kwenye benchi anasubiri ramani ya nyumba yake, na mkono unakwenda wenyewe kwenye kitufe cha kuzimia mashine. Hapa nazilinganisha njia hizo ndani ya AutoCAD, FreeCAD, SolidWorks, OpenSCAD na Onshape, kwa sababu Esc hubadilika tabia kila unapohama programu, na aliyeizoea katika moja huumia katika nyingine.

Kuna jambo la kulijua kwanza, maana ndilo linaloamua karibu yote yatakayofuata. Programu iliyoganda mara nyingi ama inakokotoa, ama inaandika. Ikiwa inakokotoa, yaani inatafuta makutano ya maumbo, inajaza nakshi au inaviringisha kingo, basi kazi yote imo kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na faili lililoko kwenye diski limelala vilevile kama ulivyolisevu mara ya mwisho. Hata ukiikata kwa nguvu, hasara yako ni kile ulichofanya tangu kusevu, basi. Ikiwa inaandika, yaani inasevu, inatoa PDF, au inapeleka mabadiliko kwenye faili la pamoja la timu, ukiikata katikati unaweza kubaki na faili nusu lisilofunguka. Hesabu inakatika, uandishi unaachwa umalize. Wengi hufanya kinyume: huogopa kukata hesabu iliyokwisha kuharibika, halafu huchomoa flashi taa yake bado inawaka.

## AutoCAD: Esc husimamisha, hairudishi nyuma

Katika AutoCAD Esc hufanya kazi mara moja kwa amri nyingi, na hilo ni jema. Tatizo ni kwamba wengi hudhani imefuta. Haifuti. Ukiwa ndani ya LINE, amri ya kuchora mistari, umekwisha chora vipande vinne, ukabonyeza Esc, vipande vyote vinne vinabaki. Katika COPY, nakala ulizokwisha zipachika zinabaki. Katika TRIM, mstari uliokatwa umekatwa. MOVE ina nafuu, maana kabla hujabofya nukta ya pili hakuna kilichohama, kwa hiyo Esc inakuacha ulipokuwa.

Ukitaka kurudi nyuma, dawa ni amri ya U, nayo ina sura mbili. Ukiiandika ndani ya LINE, kipande cha mwisho tu ndicho kinachoondoka. Ukiiandika baada ya kutoka kwenye amri, inaondoa kwa mkupuo vyote vilivyochorwa na amri ile. Kwa hiyo aliyechora ukuta mrefu wa vipande ishirini, akakosea cha mwisho, akagonga Esc kisha U, amejifutia ukuta mzima kwa kosa la kipande kimoja. Angeandika U kabla ya Esc.

Utawaona wachoraji wa zamani wanagonga Esc mara mbili bila kufikiri. Wana sababu. Enzi za DOS amri za AutoCAD zilikatishwa kwa Ctrl+C, na baadhi ya amri zilikuwa na ngazi ya ndani: pigo la kwanza lilikutoa kwenye ngazi hiyo, la pili likakutoa kwenye amri nzima. Hadi leo ukifungua maandishi yaliyo nyuma ya vitufe vya AutoCAD, utakuta mengi yanaanza na ^C^C, yaani Ctrl+C mara mbili. Mazoea hayo ni mazuri, yahifadhi.

Moja ya amri zinazogandisha michoro ya majengo mara nyingi ni HATCH, ya kujaza nakshi. Chukua sakafu ya mita 20 kwa 30, imechorwa kwa milimita kama ofisi nyingi zinavyofanya, kisha mtu akaijaza nakshi ya mistari ya mshazari iitwayo ANSI31 akiacha kipimo cha 1. Katika seti ya vipimo vya metriki, mistari ya nakshi hiyo imeachana milimita 3.175. Ikiwa imelala nyuzi 45 kwenye sakafu ile, hiyo ni mistari karibu 11,000. Kwa kipimo cha 50 ingekuwa kama 220. Na ANSI31 ni nakshi ya mstari mmoja tu. Nakshi za zege au kokoto zenye vijistari na vitone vingi ni balaa zaidi. Hapa Esc ndiyo chaguo sahihi, tena mapema, kabla nakshi haijakubaliwa na kusevuliwa ndani ya faili. Vivyo hivyo kwa REGEN, amri ya kuuchora upya mchoro kwenye skrini: ukiikatisha, mchoro utaonekana nusunusu, lakini hakuna kilichopotea, REGEN nyingine inaurudisha.

Pale Esc inapoanza kuwa na madhara ni kwenye programu ndogo za AutoLISP, lugha ya kuandikia amri zako mwenyewe ndani ya AutoCAD. Nyingi ya hizo, hasa zile zinazogawanywa kwa flashi kutoka ofisi hadi ofisi, huanza kwa kuzima mipangilio fulani ili zifanye kazi bila kusumbuliwa, kisha huirudisha mwishoni. Ukizikatisha katikati, hazifiki mwishoni. Aliyeandika kwa uangalifu ameweka sehemu inayoitwa *error*, ambayo AutoCAD huiendesha pale mtumiaji anapobonyeza Esc, nayo inarudisha kila kitu. Aliyeandika kwa haraka hakuiweka. Matokeo yake unaendelea kuchora na kugundua kwamba OSNAP haikamati tena ncha za mistari, kwa sababu mpangilio wake, OSMODE, umebaki 0. Au unabonyeza Ctrl+O na badala ya kidirisha cha kuchagua faili unaulizwa uandike jina kwa mkono. Hapo FILEDIA, mpangilio wa vidirisha vya faili, imebaki 0. Andika FILEDIA, kisha 1, mambo yatarudi. Watu wameondoa AutoCAD na kuipakia upya kwa sababu ya tarakimu hiyo moja.

Skripti, yaani mafaili ya .scr yenye orodha ya amri, zina ustaarabu zaidi. Esc inazisimamisha, na RESUME inaziendeleza pale zilipoishia.

Kwa kazi nzito ninazoziogopa, napendelea njia nyingine kabisa: kabla ya kuanza, andika UNDO, chagua Mark. Fanya majaribio yako yote. Yakienda kombo, UNDO tena, safari hii Back, na mchoro unarudi hadi kwenye alama ile hata kama umepitia amri nyingi. Ni salama kuliko Esc kwa sababu unaiacha programu ifike mwisho, kisha unaamua. Inafaa tu pale ambapo amri ina mwisho.

## FreeCAD na SolidWorks: umbo limejengwa ngazi kwa ngazi

Programu za namna hii hazihifadhi mistari tu, zinahifadhi historia. Mchoro wa bapa unazaa umbo nene, umbo nene linatobolewa, kingo zinaviringishwa, na kila hatua inategemea iliyotangulia. Ukibadilisha kipimo kimoja chini, vyote vya juu vinakokotolewa upya. Ndiyo maana kukatisha huku kuna maana mbili tofauti.

Ya kwanza ni kuacha hatua unayoiandaa. Umefungua kidirisha cha kuongeza unene kwenye FreeCAD, unajaribu vipimo, hupendi unachokiona. Esc au kitufe cha Cancel kinatupa hatua nzima na kurudisha modeli ilivyokuwa, kwa sababu programu ilikuwa imeifungua hatua hiyo kama muamala ambao haujathibitishwa. Hii ni tofauti kubwa na AutoCAD: hapa Esc inarudisha nyuma kweli. Isipokuwa ndani ya mchoro wa bapa. Pale Esc ya kwanza inakutoa kwenye zana ya kuchorea, na nyingine inakutoa kwenye mchoro wenyewe, huku mistari yote uliyochora ikibaki. Anayegonga Esc mara mbili kwa mazoea ya AutoCAD hujikuta nje ya mchoro kila mara, anachukia FreeCAD bure. Kwenye mipangilio ya sehemu hiyo kuna kisanduku kinachoamua kama Esc iruhusiwe kumtoa mtu kwenye mchoro. Kizime na ugomvi umekwisha.

Maana ya pili ni kukatisha ukokotoaji uliokwisha anza. Hapa ndipo watu wanapogonga Esc mara kumi na kuona haisikii. Ni kama duka la muuzaji mmoja aliyeingia stoo kutafuta mzigo: unaweza kugonga kaunta upendavyo, hatakusikia mpaka atoke. FreeCAD hutegemea injini ya maumbo iitwayo Open CASCADE, na kwa sehemu kubwa injini hiyo inapopewa hesabu moja nzito, inaifanya mpaka mwisho kabla dirisha halijapata nafasi ya kusoma vitufe. Mipangilio ya FreeCAD ina chaguo la kuruhusu ukokotoaji ukatishwe kwa Esc, na ni vizuri kulihakikisha liko wazi, lakini kwa kawaida Esc hiyo inasikika kati ya hatua na hatua. Modeli yenye hatua sitini nyepesi itakatika upesi. Modeli yenye hatua moja ya kutoa nyuzi za bolti ndefu kwenye nondo itakung'ang'ania.

SolidWorks, ambayo hutumia injini ya Parasolid, ina mantiki ileile lakini imeiweka vizuri zaidi. Ukibonyeza Esc wakati modeli inajengwa upya, inamaliza hatua iliyo mkononi, inasimama, na kuuacha mstari wa kurudisha historia (ule unaoonyesha modeli imejengwa hadi hatua ipi) mara baada ya hatua hiyo. Yaani hukukatisha tu, bali umewekwa mahali pa kurekebishia. Unabadilisha hatua inayosumbua, kisha unauteremsha mstari hadi chini. Katika kukatisha peke yake, SolidWorks inaishinda FreeCAD, na sina sababu ya kuficha hilo ingawa FreeCAD ni bure na SolidWorks leseni yake ni mzigo kwa karakana ndogo.

FreeCAD ina kinga ambayo wengi hawaijui. Bofya kulia kwenye jina la faili katika mti wa modeli, utaona chaguo la kuruka ukokotoaji. Ukiliwasha, unaweza kubadilisha vipimo vitano kwa mfululizo bila programu kuanza hesabu baada ya kila kimoja, kisha ukalizima chaguo hilo na kubonyeza Ctrl+R, ya kukokotoa upya, mara moja. Badala ya kutafuta namna ya kukata hesabu tano, unaianzisha moja.

Kwa wanaoandika makro, yaani programu ndogo, za Python ndani ya FreeCAD: mzunguko usiokwisha unagandisha dirisha zima. Weka FreeCADGui.updateGui() ndani ya mzunguko ili dirisha lipate kupumua, na uweke kikomo cha idadi ya mizunguko.

## OpenSCAD na Onshape, kwa ufupi

OpenSCAD ndiyo yenye woga mdogo kuliko zote, kwa sababu mchoro wake ni maandishi. F5 inatoa picha ya haraka, F6 inafanya hesabu kamili, na wakati wa F6 kuna kitufe cha kukatisha karibu na mstari wa maendeleo. Kwenye toleo la 2021.01, umbo lenye minkowski (amri ya kujumlisha maumbo) na $fn kubwa (idadi ya vipande vya duara) linaweza kuchukua muda wa kwenda kunywa chai na kurudi, na kitufe hicho nacho husubiri kipande kilicho mkononi kiishe. Lakini hata ukiiua, maandishi hayajaguswa. Ukiandikia kwenye kihariri cha nje na kuiacha OpenSCAD ijisomee faili upya kila unaposevu, basi kuiua programu hakukugharimu hata herufi moja. Matoleo ya majaribio yenye injini ya Manifold yamefanya nyingi ya hesabu hizo kuwa za sekunde, na kwa hao swali la kukatisha limepungua uzito.

Onshape inafanya kazi ndani ya kivinjari, na hesabu ziko kwenye seva zao. Hakuna kusevu, kila badiliko linaandikwa lenyewe, na unaweza kurudi kwenye hatua yoyote ya historia ya waraka. Unafunga hatua usiyoitaka kwa alama ya X, na hata ukifunga kivinjari kizima, ulichothibitisha kipo. Umeme ukikatika, kipo. Bei yake ni intaneti: ikikatika, hufanyi kazi. Na kwenye mpango wa bure michoro yako inaonekana na watu wote, jambo ambalo mwenye kazi ya mteja hawezi kulikubali.

| Programu | Esc inasikika lini | Kinachobaki baada yake | Kinga ukilazimika kuiua |
|---|---|---|---|
| AutoCAD | Mara moja, kwa amri nyingi | Vilivyokwisha fanyika ndani ya amri | Faili la .bak na la .sv$ |
| FreeCAD | Kati ya hatua na hatua | Modeli ya kabla ya hatua, kama ulikuwa kwenye kidirisha | Nakala ya akiba na faili la uokoaji |
| SolidWorks | Hatua iliyo mkononi ikiisha | Historia iliyosimama mahali pa kurekebishia | Nakala ya uokoaji, kama umeiwasha |
| OpenSCAD | Kitufe cha kukatisha, kipande kikiisha | Maandishi yote | Faili la maandishi lenyewe |
| Onshape | Kwa X ya kidirisha | Yote yaliyothibitishwa | Historia kwenye seva |

## Kusubiri: ni busara lini?

Windows ikiandika kwamba programu haijibu, haijasema imekufa. Imesema tu kwamba dirisha halijasoma ujumbe wowote kwa sekunde tano. Programu ya CAD inaweza kukaa katika hali hiyo kwa robo saa ikifanya kazi halali, kisha ikarudi kama hakuna kilichotokea. Kwa hiyo usiangalie dirisha, angalia prosesa.

Fungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc na usome mstari wa programu yako. Hapa kuna mtego. Hesabu nyingi za maumbo hutumia kiini kimoja tu cha prosesa. Kwenye mashine yenye viini nane vya kimantiki, kiini kimoja kilichojaa kinaonekana kama asilimia 12 au 13 ya prosesa nzima. Kwenye yenye vinne, asilimia 25. Mtu akiona 12 anasema "hii haifanyi chochote" na kuiua, kumbe ilikuwa inakimbia kwa nguvu zake zote. Namba hiyo ikitulia palepale, subiri. Ikiwa 0 kwa dakika kadhaa, na diski nayo kimya, haikokotoi tena: ama imekwama, ama inasubiri jibu lako.

Kusubiri jibu lako hutokea kuliko inavyodhaniwa. Kidirisha cha swali kimejificha nyuma ya dirisha kubwa, au kwenye skrini ya pili iliyozimwa. Bonyeza Alt+Tab kabla ya jambo lingine lolote. Sababu nyingine ya 0 ni mtandao: programu inaitafuta seva ya leseni, au printa ambayo haipo, au folda ya ofisini wakati wewe uko nyumbani. Ukirudisha mtandao, mara nyingi inazinduka.

RAM nayo itazame. Ikiwa imejaa, inazidi kupanda, na diski inasaga bila kupumzika, basi mashine imeanza kutumia diski badala ya kumbukumbu, na hesabu ya dakika tano itakuwa ya masaa. Hapo kusubiri hakuna faida.

Na wakati unasubiri, usibofye ndani ya dirisha lililoganda. Mibofyo na Esc zako zinapangwa foleni. Programu ikizinduka inaweza kuzitekeleza zote kwa mfululizo, ikafunga kidirisha ulichokihitaji au ikachagua kitu usichokitaka. Bonyeza Esc mara moja au mbili, kisha mikono iondoke.

Kipimo changu cha kuamua ni hiki: linganisha muda wa kusubiri na muda uliopita tangu kusevu. Kama ulisevu dakika tatu zilizopita, iue bila majuto, kwa sababu hata hesabu ikifaulu umeokoa dakika tatu tu. Kama hujasevu tangu asubuhi, iache iendelee wakati wa chakula cha mchana, hata kama matumaini ni madogo.

## Kuua kwa mpangilio

Kabla ya kuua, dakika moja ya matayarisho inaokoa mengi. Nenda kwenye folda ya mchoro na folda ya mafaili ya muda, unakili kila unachokikuta huko mahali pengine. Katika AutoCAD tafuta .sv$, ambalo programu hulitengeneza kila baada ya dakika zilizowekwa kwenye SAVETIME; kiwandani ni 10. Mahali lilipo panasomeka kwa kuandika SAVEFILEPATH, ila fanya hivyo leo, maana programu ikiganda huwezi kuuliza. Faili hilo hufutwa mchoro unapofungwa kwa kawaida, ndiyo maana nasema linakili. Ukiligeuza jina liwe .dwg litafunguka, na .bak, nakala ya mchoro kabla ya kusevu mara ya mwisho, vilevile. FreeCAD huandika taarifa za uokoaji kila dakika 15 usipobadilisha, na ukiifungua tena baada ya kuuawa inakuuliza kama uokoe. Kwa umeme wetu huu, 10 na 15 zote ni nyingi mno kwa mwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS. Weka 5.

Kisha anza na njia ya upole. Kwenye Windows bofya X ya dirisha, mfumo wenyewe utakuuliza ufunge au usubiri. Ikishindikana, Task Manager na kitufe cha End task. Kwenye Linux, kill peke yake hutuma ishara namba 15, inayoiomba programu iondoke. Kill -9 haiombi, inakata. Anza na ya kwanza, ipe muda, ndipo uende kwenye ya pili. Kwenye Mac ni Option, Command na Esc kwa pamoja.

Programu ikianguka yenyewe, AutoCAD mara nyingi hujaribu kukuokolea nakala kabla ya kufunga. Ukiiua wewe, haipati nafasi hiyo. Hii ndiyo tofauti inayofanya kuua kuwe chaguo la mwisho hata pale ambapo faili halimo hatarini.

Kitufe cha kuzimia mashine nzima sikiweki kwenye ulinganisho. Kinaua na programu nyingine zote zilizokuwa zinaandika, na mfumo wenyewe. Umeme ukikatika unafanya hivyohivyo bila kukuuliza, na hapo mwenye laptopu yenye betri nzima amemzidi mwenye mashine kubwa ya mezani. Anayefungua mchoro moja kwa moja kutoka kwenye flashi yuko pabaya zaidi: programu inaandikia kifaa kinachoweza kuguswa na kiwiko. Nakili mchoro kwenye diski, fanya kazi, urudishe ukimaliza.

Baada ya kuua, fungua nakala, si faili lenyewe. Kwenye AutoCAD endesha AUDIT, inayokagua makosa ya faili. Likikataa kufunguka, RECOVER, inayojaribu kuliokoa. Kwenye FreeCAD kokotoa upya modeli nzima na upitie mti ukitafuta alama za makosa. Kwenye SolidWorks, Ctrl+Q hujenga upya hatua zote bila kuruka.

## Faili la pamoja ni habari nyingine

Ofisi zinazotumia Revit, programu ya kuchorea majengo, kwa faili kuu linaloshirikiwa zina kanuni kali zaidi. Kazi inayofanyika kwenye nakala yako ya ndani unaweza kuikatisha kama nyingine yoyote. Lakini pale unapopeleka mabadiliko kwenye faili kuu, unaandika kwenye kazi ya watu wote. Usiiue hata kama mstari wa maendeleo umesimama kwa muda wa kukera. Kama kitufe cha Cancel kipo chini ya dirisha na kinabofyeka, kitumie. Kama hakipo, subiri. Ukilazimika, waambie wenzako kabla, kila mtu asevu nakala yake kwanza. Na jua kwamba vitu ulivyokuwa umevishika vitaendelea kuhesabika ni vyako mpaka uviachie, kwa hiyo mwenzako ataambiwa ukuta ule unashikiliwa na mtu ambaye kompyuta yake imezimwa.

## Nani achague nini

Anayechora majengo kwa AutoCAD na hana mpango wa kuhama, ajenge mazoea ya UNDO Mark na kupunguza SAVETIME. Hatakuwa na haja ya kuua programu mara nyingi, maana Esc yake inasikia. Mwanafunzi au fundi wa vipuri asiyekuwa na fedha ya leseni, FreeCAD inatosha, mradi akubali kwamba Esc yake ni nzito na ajifunze kuruka ukokotoaji. Karakana inayotengeneza vipuri kila siku na yenye uwezo wa kulipa, SolidWorks inamrudishia muda hasa kwenye modeli zenye hatua nyingi, ila inahitaji Windows. Mwenye printa ya 3D anayechapa maumbo ya vipimo, OpenSCAD, na asahau woga wa kukatisha. Onshape ningempa mwenye intaneti isiyoyumba na kazi isiyo ya siri, au anayelipia mpango usio wa bure.

Kama uko kati ya FreeCAD na SolidWorks na bado hujaamua, chukua modeli yako halisi iliyo nzito kuliko zote, isafirishe kwa STEP, aina ya faili inayosomwa na zote mbili, ifungue kwenye zote mbili na uiviringishe kingo kwa kipimo kikubwa kupita kiasi. Bonyeza Esc katikati ya hesabu. Tazama programu ipi inakusikia, baada ya muda gani, na modeli inabaki katika hali gani.